Anza na waya mweusi: kutafuta kosa kwenye saketi ya Arduino iliyogoma

"Mjomba, programu imegoma," alisema mpwa wangu kabla hata hajaketi. Kazi yake alikuwa ameibeba ndani ya boksi la viatu: bodi ya Arduino Uno (kompyuta ndogo ya kuendeshea taa na vihisi), bredibodi ndefu (ubao wa plastiki wenye matundu ya kuchomekea nyaya), kihisi cha kupima umbali chenye macho mawili kama bundi, taa mbili, kitufe, kikengele, na nyaya za kila rangi zilizopandana kama tambi. Kazi yenyewe ni nzuri, na mwenye tangi la maji juu ya mnara ataielewa mara moja. Kihisi kinakaa chini ya mfuniko na kupima maji yako umbali gani. Yakikaribia kuisha, taa nyekundu inawaka. Yakijaa, kikengele kinalia ili pampu izimwe kabla uwanja haujageuka bwawa. Tatizo ni kwamba namba iliyotakiwa kuwa sentimita ilikuwa sifuri, sifuri, saba, sifuri. Programu ameshaiandika upya mara nne.

Programu haikuwa na kosa hata moja, na hapo ndipo wengi wanaoanza wanapochoka bure. Kosa la waya halijitaji. Ukisahau nukta-mkato kwenye programu, kompyuta inakataa na kukuonyesha mstari wenye kasoro. Ukichomeka waya tundu moja pembeni, hakuna anayekuambia kitu: programu inapakiwa vizuri, taa ya bodi inawaka, halafu namba zinakuja za ajabu. Na kwa kuwa maajabu hayo unayaona kwenye kioo cha kompyuta, unaanza kuipekua kompyuta. Nimeona watu wazima wakifanya hivyo hadi saa nane za usiku, nami nimo.

Kichekesho ni kwamba Arduino, iliyoanza mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, Italia, ilikua kutokana na kazi ya Mkolombia Hernando Barragán, aliyekuwa akisoma hapo hapo Ivrea. Kazi hiyo ya mwaka 2003 aliiita Wiring, yaani kufunga waya. Mwenzetu alishatuonya mapema.

Mafundi redio wa mtaani walikuwa na ujanja mmoja ambao hadi leo sijaona unaoushinda. Redio ya betri ikinyamaza, fundi alishika bisibisi kwa namna ambayo kidole chake kinagusa chuma, kisha akaigusisha ncha kwenye mguu wa kati wa kidhibiti sauti. Spika ikinguruma "mmmm", basi kuanzia hapo hadi kwenye spika hakuna ubovu. Kosa liko upande wa kunasa stesheni. Ikikaa kimya, kosa liko upande wa spika. Mguso mmoja, nusu ya redio imetolewa kwenye orodha ya washukiwa. Hakugusa tena nusu ile hadi jioni.

Kwenye Arduino, mguso huo wa kwanza ni kuchomoa kila kitu. Bodi ibaki tupu, na waya wa USB tu. Pakia programu ya mfano inayopepesa taa ndogo iliyo kwenye bodi yenyewe, ile ya pini 13. Ila usiipakie jinsi ilivyo. Bodi nyingi hutoka kiwandani zikiwa tayari na programu hiyo ndani, kwa hiyo taa ikipepesa hujui kama ni kazi yako au ya kiwanda. Badilisha muda, fanya ipepese harakaharaka. Ikikutii, basi kompyuta, waya wa USB na bodi ni wazima, na kuanzia sasa kosa unalitafuta kwenye bredibodi.

Ikikataa kupakia, kuna mambo matatu ya kutazama kabla hujailaumu bodi. Waya wa USB unaweza kuwa wa kuchajia tu, ndani yake hamna nyuzi za kupitisha data. Kwenye droo yangu nusu ziko hivyo. Bodi za bei nafuu hutumia chipu ya CH340 kuzungumza na kompyuta, na baadhi ya kompyuta haziijui mpaka uziwekee programu yake. Jambo la tatu ni pini 0 na 1: hizo ndizo Arduino inazotumia kupokelea programu, kwa hiyo ukichomeka kihisi au taa hapo, mazungumzo yanavurugika. Chomoa, pakia, rudisha. Au bora zaidi, usizitumie kabisa.

Bodi ya mpwa wangu ilipepesa vizuri. Tukarudi kwenye tambi.

Wanaoanza wengi hudhani umeme ni kama maji ya bomba: unatoka pini ya 5V, unafika kwenye kihisi, kihisi kinakunywa, basi. Umeme haunyweki. Ni lazima urudi ulikotoka, na njia ya kurudi ni pini iliyoandikwa GND. Pasipo kurudi hakuna kwenda. Hilo darasani wanalisema. Ambalo halisemwi sana ni kwamba GND ndiyo sakafu ya vipimo vyote. Kihisi kinapoupandisha waya wa Echo, ule unaoleta habari za mwangwi wa sauti kilizotuma, hadi volti 5 ili kusema "ndiyo", Arduino inaipima ndiyo hiyo kuanzia kwenye GND yake yenyewe. Kama GND ya kihisi na ya Arduino hazijashikana, ni sawa na watu wawili wanaolinganisha urefu, mmoja kasimama chini, mwingine juu ya kigoda. Kila mmoja anasema kweli, na jibu ni uongo. Ndiyo maana nikiletewa saketi iliyogoma, jicho langu hutafuta waya mweusi kabla ya kitu kingine.

Sasa, huyu hakuwa na waya mweusi. GND alitumia wa kijani, kisha wa zambarau, kisha mweupe. Zile nyaya za jampa huuzwa zimegandana kama utepe wa upinde wa mvua, unabandua wowote unaokuja mkononi. Nikamwambia kabla ya yote azibadilishe: nyekundu kwa 5V, nyeusi kwa GND, nyingine atumie apendavyo. Alinitazama kama mtu aliyekuja kutibiwa malaria akaambiwa kwanza akanyoe. Umeme haujali rangi, lakini macho yanajali, na wanaotafuta kosa ni macho.

"Lakini GND nimeweka, Mjomba. Huu hapa." Kidole chake kikafuata waya kutoka Arduino hadi kwenye mstari wa bluu wa bredibodi, na kutoka mstari huo huo hadi kwenye kihisi. Kwa macho, safari ilikuwa imekamilika.

Bredibodi inadanganya kwa sababu unaona matundu tu, huoni vyuma vilivyo chini yake. Jina lake lilitokana na ubao wa kukatia mkate, ambao watu wa redio hapo zamani waliupigilia misumari wakafungia nyaya zao juu yake. Angalau ule ulionyesha kila kitu waziwazi. Huu wa plastiki una matundu yaliyoachana milimita 2.54, na chini ya kila matundu matano ya safu moja kuna kibanio kimoja cha chuma. Ukichomeka nyaya mbili kwenye safu moja, zimeshikana. Ukizichomeka safu jirani, hazijuani. Mfereji wa katikati unatenganisha kushoto na kulia. Umewekwa ili chipu ipande juu yake, miguu ya upande huu isigusane na ya upande ule. Kosa la kawaida kuliko yote ni kuteleza tundu moja: waya uko safu ya 17, mguu wa taa uko safu ya 18, na kwa mbali unaapa viko pamoja. Inama, weka macho sawa na ubao, hesabu matundu kwa ncha ya kalamu.

Kisha kuna ile mistari mirefu ya pembeni, mwekundu na wa bluu, inayogawa umeme ubao mzima. Kwenye bredibodi fupi inapita moja kwa moja. Kwenye nyingi za zile ndefu, zenye safu 63, imekatika katikati. Chuma kinaishia hapo, na upande wa pili ni mstari mwingine usiohusiana na wa kwanza. Baadhi ya watengenezaji huukata hata wino mahali hapo ili uone. Wengine hawakuonyeshi chochote. Bredibodi ya mpwa wangu ilikuwa ya zile ndefu. Nilishaliona pengo, lakini sikusema. Nilimpa multimita, kile kipimo cha umeme chenye ncha mbili.

Multimita ya bei ya chini kabisa inatosha. Tazama kwanza ncha nyekundu imechomekwa wapi: iwe kwenye tundu la volti, si lile lililoandikwa 10A, kwa sababu ukipima volti kutokea hapo unakuwa umepiga shoti kwa mkono wako mwenyewe. Weka kwenye volti 20 za mkondo mnyoofu. Ncha nyeusi kwenye GND ya Arduino, nyekundu kwenye 5V: ikasoma 4.9, sawa. Nyekundu ikahamia kwenye mguu wa VCC wa kihisi, ule wa kuingizia umeme. Nasema mguu wenyewe, si tundu lililo karibu nao, kwa sababu ukipima tundu unapima ubao, na huenda mguu haujaufikia ubao. Ikasoma 4.9. Njia ya kwenda ni nzima. Kisha nyeusi ikaondoka Arduino, ikashika mguu wa GND wa kihisi.

4.2.

"Si ulisema kama GND haipo ingesoma sifuri?" Sikuwa nimesema hivyo, ila ni swali zuri, na jibu lake linaeleza visa vingi vya "mara inafanya kazi, mara haifanyi". Chipu nyingi zina diodi ndogo za ulinzi, vile vijilango vya kupitisha umeme upande mmoja tu, kwenye kila mguu wa kuingilia. Kihisi kilipokosa njia halali ya kurudishia umeme, kiliutoa kwa mlango wa uani: kupitia diodi ya mguu wa Trig, ule wa kukiamuru kipime, uliokuwa umeshushwa na Arduino hadi sifuri. Diodi inakula karibu volti 0.7 njiani, ndiyo hiyo iliyopungua. Kwa hiyo kihisi hakikuwa kimekufa wala hakikuwa hai. Kilikuwa kimesinzia, kinaamka Trig ikiwa chini na kukosa pa kushika Trig inapopanda. Kikitoa jibu, ni la mtu aliyeamshwa ghafla.

Kipimo cha kulithibitisha ni rahisi mno, na sielewi kwa nini hakifundishwi siku ya kwanza: pima kati ya GND na GND. Ncha moja kwenye GND ya Arduino, nyingine kwenye GND ya kifaa. Inatakiwa sifuri, au karibu yake sana. Yetu ilisoma 0.7. Akajua mwenyewe pa kutazama, akaufuata mstari wa bluu kwa kucha hadi mahali wino ulipokatika, akacheka. Waya mfupi mweusi ukaruka pengo, mwekundu ukaruka lile la pili hata kama halikuhitajika siku hiyo, na namba zikabadilika: 41, 41, 42, 41. Rula kutoka kihisi hadi ukutani ilikubali.

Kulikuwa pia na dalili ambayo angeweza kuisoma bila multimita. Zile sifuri zake zilikuwa zinatoka kwa uvivu, moja kwa sekunde. Amri ya Arduino inayosubiri mwangwi, usipoipangia muda, husubiri sekunde nzima kisha hukata tamaa na kurudisha sifuri. Kihisi kizima kikijibu, namba hutiririka. Kwa hiyo sifuri inayokuja polepole maana yake si "umbali ni sifuri". Maana yake ni "sikusikia kitu", na hapo unakagua nyaya nne za kihisi, ukianza na kuona kama Trig na Echo hazijabadilishana.

Tulipoona kihisi kimepona, kikengele kikaanza kulia chenyewe. Alitaka kubadilisha mambo matatu kwa mpigo, nikamshika mkono. Ukibadilisha matatu na saketi ikapona, hujui dawa ilikuwa ipi, na ikizidi kuumwa hujui sumu ilikuwa ipi.

Kikengele kilikuwa kinaendeshwa na kitufe, kile cha kukinyamazisha. Vitufe hivi vya mraba vina miguu minne, lakini kwa umeme ni miwili: kila jozi imeshikana ndani muda wote. Ukikizungusha robo mzunguko, kinakuwa kimebonyezwa milele. Sikumbuki kamwe jozi zinaelekea wapi, na sihitaji kukumbuka, kwa sababu miguu iliyo pembe kwa pembe haiko jozi moja katika mkao wowote ule. Tumia hiyo.

Chake kilikuwa pembe kwa pembe tayari. Ubaya ulikuwa mwingine: upande mmoja wa kitufe ulikwenda 5V, mwingine kwenye pini, na basi. Kikibonyezwa pini inaona 5. Kikiachwa, inaona nini? Watu hujibu "sifuri". Haioni kitu. Imeachwa inaning'inia, na pini inayoning'inia huokota chochote kinachopita, kuanzia mnong'ono wa nyaya za umeme za ukutani hadi mkono wako ukiusogeza karibu. Jaribu: pitisha kiganja juu ya waya bila kuugusa, uone taa ikibadilika. Suluhisho liko ndani ya chipu yenyewe. Ukiiandika pini kuwa INPUT_PULLUP, Arduino inaivuta juu kwa ukinzani wa ndani wa kati ya omu 20,000 na 50,000. Kitufe unakipeleka GND badala ya 5V. Kuanzia hapo mambo yanageuka: kikibonyezwa kinasomeka 0, kikiachwa 1. Wengi huona mgeuko huo wakadhani ni kosa jipya, wakaanza kubomoa.

Taa sitazikalia sana. Mguu mrefu ni wa chanya, upande uliokatwa bapa ni wa hasi, na rizista, kile kidude cha kupunguza umeme, haikosi. Taa nyekundu inakula kama volti 2, zinabaki 3. Ukizigawa kwa omu 220 unapata karibu miliampia 14, ambazo pini inazimudu. Ikiwaka kwa mbali sana au isiwake kabisa, shuku rangi za rizista: nyekundu-nyekundu-kahawia ni omu 220, nyekundu-nyekundu-njano ni 220,000. Zile za bluu zenye mistari mitano zinasomwa tofauti, na chini ya taa ya njano hata mimi sizisomi. Nazipima.

Rilei ya kuendeshea pampu, yaani swichi inayowashwa kwa umeme, alikuwa anaipanga kwa baadaye, na ndiyo itakayomletea kosa gumu zaidi, kwa sababu halionekani kama kosa la waya wala la programu. Koili (waya uliosokotwa ndani yake) ya rilei ndogo ya volti 5 iliyozoeleka ina omu 70, yaani inavuta miliampia 71. Pini ya Uno ni ya miliampia 20 kwa matumizi ya kawaida, na 40 ni ukingo usiotakiwa kuufika. Kwa hiyo rilei isichomekwe moja kwa moja kwenye pini. Tumia ile iliyokuja kwenye kibodi chake chenye transista ya kuibebea pini mzigo. Hata hivyo, kikiwepo kitu kinachovuta umeme kwa ghafla, kama mota ndogo, volti zinadondoka na Arduino inajiwasha upya. Kwenye kompyuta utaona programu yako ikijitambulisha tena na tena, maneno ya mwanzo yakijirudia kila rilei inapolia "tak". Betri ya mraba ya volti 9 haisaidii hapa. Inaonekana na nguvu kwa sababu ya namba yake, lakini pumzi haina. Chaja ya simu ya volti 5 ya pembeni inasaidia, mradi GND yake ishikane na GND ya Arduino. Tumerudi kwa waya mweusi.

Na upande wa pili wa rilei, wenye volti 230 za ukutani, hauji kwenye bredibodi, hauji mezani kwangu, na mwanafunzi haugusi. Huo ni wa fundi umeme mwenye leseni.

Shoti nayo ina adabu yake. Taa ya bodi ikififia au ikazimika mara tu unapochomeka kitu, au ukasikia harufu ya plastiki, chomoa USB kwanza, fikiri baadaye. Uno ina fyuzi kwenye njia ya USB inayokata umeme ukizidi miliampia 500 na kujirudisha ikipoa, kwa hiyo bodi iliyozimika si lazima iwe imekufa. Ipe dakika chache. Umeme ukiwa umeondolewa, weka multimita kwenye mlio, pale inapolia ncha zake zikiunganishwa, na uguse 5V na GND za ubao. Ikipiga piii, chomoa waya mmoja mmoja huku ncha zimeshika. Utakaonyamazisha mlio ndio mwenyewe.

Jioni kila kitu kilifanya kazi mezani. Tukakipanga kwenye boksi, kikafa. Tulipokitoa kikafufuka. Hapo hakuna cha kufikiri, ni kutikisa: washa, tazama namba, gusa waya mmoja mmoja taratibu kwa kalamu. Waya wa Echo ulipoguswa, sifuri. Multimita kwenye mlio, ncha huku na huku, ukikunja shingoni pale plastiki ngumu inapoishia, mlio unakatika. Ndani shaba ilikuwa imevunjika, nje plastiki inang'aa. Mpwa wangu akautupia kwenye boksi la nyaya. Nikautoa, nikaukata vipande viwili kwa mkasi, ndipo ukaenda jalalani. Waya mbovu ukirudi kwenye boksi utakutana nao tena, na siku hiyo hutaukumbuka.

Jumanne usiku alinipigia. Ndani ya daladala, boksi mapajani, waya wa GND ulikuwa umechomoka. Nikaanza kumwambia apime kati ya GND na GND. Alikuwa ameshapima, ameshaurudisha, na tangi linasoma sentimita 63. Alichotaka kujua ni risasi ya kuchomelea inauzwaje, na kama naweza kumwazima chuma changu cha kuchomea mpaka Jumapili.